Nilimwonyesha Zahir Pa Kukata

Waliosoma wiki iliyopita waliniacha mlangoni kwa fundi Surjit, kule Themi, Arusha, nikiwa nimeitwa peke yangu bila mwenzangu. Kwa anayeanza leo, mambo yalikuwa hivi.

Naitwa Romanus. Nilikuwa opereta wa katapila katika shirika la umma la kujenga barabara, mpaka shirika likauzwa na sisi tukapunguzwa. Rafiki yangu Aikaeli, Mmeru wa Poli ambaye kazi nilimfundisha mwenyewe, alipunguzwa siku hiyohiyo. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mtu aliambiwa afanye biashara. Wengine walifungua baa, wengine wakaenda Namanga kuleta sabuni na mafuta ya kupaka. Sisi tulijua katapila tu. Tukaunganisha viinua mgongo vyetu, tukanunua moja kuukuu mnadani.

Lilifanya kazi msimu mmoja, tukipasua njia kwa watu waliokuwa wanajenga huko juu Moivo. Kisha injini ikafa. Katapila likabaki hapohapo lilipozimikia, kwenye shamba la mzee Lemburis, limeutazama Mlima Meru.

Tangu hapo tukawa watu wa kulitengeneza. Lilikula cherehani ya mke wangu Evaresta. Likala pikipiki yangu, likala ng'ombe wa Aikaeli. Hans, kaka yake Evaresta, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kijenge, tulimwendea atushike mkono. Akatujibu kwamba yeye hununua vitu vinavyotembea.

Sasa niingie kwa Surjit.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete kidole."

Bloku ya injini yetu ilikuwa juu ya meza ya chuma, imesafishwa mpaka inang'aa. Mzee Surjit alinishika mkono, akakipitisha kidole changu kwenye mshono alioufanya mwenyewe.

"Hapa nilichomelea. Unasikia?"

"Nasikia."

"Sasa njoo pembeni kidogo. Unasikia na hapa?"

Kulikuwa na mfereji mwembamba kama unywele. Ulianzia pale mshono ulipoishia, ukashuka mpaka ndani kwenye silinda.

"Ukichomelea na huo?" nikauliza.

"Utapasuka mwingine pembeni ya huo. Hiki ni chuma cha kumimina, bwana Romanus. Kikishachoka hakishiki. Utawasha, itanguruma asubuhi moja, jioni maji yatakuwa kwenye oili."

"Kwa nini umeniita peke yangu?"

Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimojakimoja.

"Mwenzako nilimwambia tangu mwezi uliopita. Akaniambia nyamaza, chomelea. Nikachomelea. Mimi nimekula miaka mingi kwa watu wasiotaka kuacha. Wewe sitaki kukula."

Nilidhani nitaumia. Nilikuwa nimejiandaa kuumia tangu zamani, kama mtu anavyokaza tumbo akijua atapigwa. Ngumi haikuja. Nilisimama pale, nikasoma kalenda ya ukutani kwake, nikamshukuru, nikaondoka. Njiani nilipita daraja la mto Themi, nikagundua nimelipita nilipokuwa nimeshafika ng'ambo.

*

Nyumbani kwetu ni Levolosi. Nilimkuta Evaresta anapanga mitumba yake ya kesho, mashati ya watoto upande mmoja, ya wakubwa upande mwingine. Binti yetu Princess alikuwa bado shuleni.

"Mama Princess, nimeacha."

"Umeacha nini?"

"Katapila. Halitengenezeki. Nimeacha."

Nilingoja afurahi. Mwanamke huyu alikuwa ameniomba niache tangu siku cherehani ilipotoka mlangoni. Aliendelea kukunja shati.

"Umemwambia Aikaeli?"

"Bado."

"Basi hujaacha," akasema. Akalikunja shati lile, akachukua jingine.

*

Kesho yake nikapanda Moivo.

Aikaeli alikuwa amejenga kibanda cha mabati ubavuni mwa katapila. Alikuwa na jiko la mkaa humo, birika, na godoro. Nilimkuta chini ya mashine na kopo la grisi, anapaka minyororo ambayo haikuwa imezunguka tangu watu waanze kusahau rangi yake.

"Kaka, karibu chai," akasema bila kutoka.

"Toka tuongee."

Akatoka. Alikuwa amekonda. Ovaroli la shirika letu la zamani lilimning'inia mabegani kama limetundikwa ukutani.

"Nimetoka kwa Surjit," nikasema.

Akamimina chai kwenye vikombe viwili, akanipa kimoja.

"Alikwambia."

"Alinionyesha. Wewe ulijua."

"Nilijua bloku imekufa. Katapila halijafa." Akakaa kwenye mnyororo, akakunja miguu kama mtu aliye sebuleni kwake. "Nimepata injini, kaka. Iko Moshi. Imetolewa kwenye katapila la shamba la miwa, aina hiihii. Nimeambiwa inawaka kwa kugusa tu."

"Utainunua na nini?"

Akatazama upande wa Poli, ingawa kutoka pale Poli haionekani.

"Nauza shamba la mzee."

Shamba lile nilikuwa nalijua. Kahawa na migomba, na kaburi la baba yake liko katikati, limejengewa vizuri. Aikaeli alikuwa mtoto wa mwisho wa kiume, ndiye aliyeachiwa. Pale ndipo Agnela mkewe alipokuwa analima, na pale ndipo walipokuwa wanakula.

"Usiuze," nikasema.

"Likifanya kazi miezi michache nanunua lingine."

"Aikaeli, mimi nimeacha. Nimekuja kukwambia hivyo. Nusu yangu nauza chuma chakavu."

Hakukasirika. Heri angekasirika.

"Umechoka, kaka. Pumzika. Likiwaka nitakuja kukuchukua ukae kwenye kiti, maana wewe ndiye opereta." Akanywa chai yake. "Na hiyo nusu yako utaikata upande gani? Kushoto au kulia?"

Tukacheka wote wawili. Nilisikia mdomo wangu unacheka. Kisha nikamwachia kikombe chake, nikashuka.

*

Siku iliyofuata Agnela alikuja kwangu Levolosi. Alikuwa amevaa kanga ya kanisani, na hakutaka kukaa.

"Shemeji, wewe ndiye uliyemfundisha kupenda hilo dude. Sikulaumu. Nakwambia tu."

"Nimemwambia asiuze."

"Hasikii maneno. Jumamosi watu wanakuja kuliona shamba. Dalali ameshamletea mteja." Akakunja pindo la kanga kwenye kidole, akalikunjua. "Alhamisi anakwenda Moshi kuangalia hiyo injini. Anataka twende wote, ati nikaione mwenyewe nitulie. Siku hiyo hapatakuwa na mtu Moivo."

Evaresta, aliyekuwa kwenye kizingiti, aliacha alichokuwa anafanya.

"Unasemaje, Agnela?" akauliza.

"Nasema likikatwa Alhamisi, Jumamosi hatakuwa na sababu ya kuuza. Injini ataiweka wapi? Atanichukia mimi, atamchukia shemeji. Achukie. Tutakuwa na mahali pa kulala."

Nje mtu alikuwa anapita na toroli la madumu ya maji, linapiga kelele juu ya mawe.

"Nitalikata," nikasema.

Agnela hakusema asante. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akautikisa mara moja kama watu wanavyofanya msibani, akaenda zake.

Sikufikiria sana. Naandika hivi kwa sababu wapo watakaodhani nilikesha nikigeukageuka. Nililala vizuri. Jumanne nilimtafuta Zahir, mnunuzi wa vyuma chakavu ambaye malori yake yanakwenda mpaka Mombasa. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kumpigia mtu hesabu kabla hajamaliza salamu. Nilimwambia kwamba mwenzangu nitamalizana naye mwenyewe. Hakuuliza zaidi.

Jumatano Evaresta alirudi sokoni amechelewa kidogo. Tulikula. Princess alitusomea habari ya sungura kwenye kitabu chake cha shule. Tukalala.

*

Alhamisi asubuhi mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Zahir alikuja na vijana wake na mitungi ya gesi. Mzee Lemburis alisimama mbali na ng'ombe wake, akaegemea fimbo, akatazama.

"Mzee, wamekuja kuliondoa," nikamwambia.

"Mmechelewa," akajibu. "Kuku wangu wameshalizoea."

Niliingia kwenye kibanda cha Aikaeli, nikatoa godoro, birika na vikombe, nikaviweka juu ya nyasi mbali na moto. Kisha Zahir akaniita.

"Nianzie wapi?"

"Popote."

"Nikianza na bledi hii ya mbele ya kusukumia udongo naweza kuacha katikati ukibadili mawazo. Nikianza kwenye fremu, basi. Nakuuliza kwa sababu unaonekana kama mtu anayeweza kubadili mawazo."

Niliizunguka mashine. Mtu aliyekaa juu ya mnyama kama huyu nusu ya maisha yake anajua mfupa wake uko wapi. Ukivunja bledi, inachomelewa. Ukikata mnyororo, unapatikana mwingine. Lakini iko sehemu kwenye fremu kuu, pale injini inapokalia, ambayo ikishakatwa hakuna fundi Arusha wala Nairobi atakayeirudisha ikanyooka.

Niliweka kiganja pale. Chuma kilikuwa baridi, kina umande.

"Hapa," nikasema. "Pande zote mbili."

"Una hakika?"

"Kata."

Moto ukawashwa. Mwanzoni rangi ikafuka, ikanuka. Kisha chuma kikawa chekundu, kikawa cheupe, kikaanza kudondoka kama uji. Nilitazama bila miwani mpaka kijana mmoja akaniambia nitaharibu macho. Nikageuka nikatazama migomba, lakini migomba nayo ilikuwa na doa la kijani kila nilipoangalia.

Nilingoja huzuni. Nilijiambia, sasa hivi itakuja, wakishamaliza upande wa kwanza. Walimaliza upande wa kwanza, wakahamia wa pili. Nilichosikia ni njaa.

Upande wa pili ulipokatika, katapila liliinama. Halikuanguka, liliinama tu mbele, likakalia bledi yake. Ng'ombe wa mzee Lemburis wakainua vichwa, kisha wakaendelea kula.

*

Vijana wa Zahir walikuwa wameanza kupakia minyororo tuliposikia lori linapanda. Nilidhani ni la Zahir la pili. Zahir alidhani ni letu.

Lilikata kona kwenye migomba, likasimama. Nyuma, juu ya matairi mabovu, limefungwa kamba vizuri, kulikuwa na injini.

Aikaeli aliruka kutoka kwenye bodi kabla dereva hajazima. Alikuwa anatabasamu. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilichukua muda kujua kwamba halitakiwi. Aliliendea katapila, akalizunguka kama nilivyolizunguka mimi asubuhi. Akasimama pale pale kwenye fremu, akanyoosha mkono.

"Bado lina moto," nikamwambia.

"Naona."

Akaurudisha mkono mfukoni.

"Nani alikwambia niko Moshi?"

Agnela alikuwa bado ndani ya lori, karibu na dereva. Sikumtazama.

"Nilisikia," nikasema.

"Hapa umekata wewe. Hawa wasingejua pa kukata."

"Niliwaonyesha mimi."

Akatingisha kichwa taratibu, kama mtu aliyeelezwa njia na ameielewa.

"Aikaeli, nilitaka usiuze shamba. Jumamosi..."

"Nimeshauza. Mteja alikuja jana asubuhi, hakutaka kungoja Jumamosi. Leo nimekwenda Moshi na hela mkononi." Akageuka, akawaita vijana wa Zahir. "Jamani, nisaidieni kuishusha. Lori la watu linataka kurudi."

Tukaishusha. Vijana waliokata katapila waliweka mbao, wakatia magogo ya migomba chini, mimi nikashika kamba upande mmoja, Aikaeli upande wa pili. Tulifanya kazi kama tulivyofanya miaka yote. "Legeza," anasema, nalegeza. "Shika," anasema, nashika. Injini ikatua kwenye nyasi. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa imepakwa rangi upya, na mtu yeyote anayejua kazi angejua kwamba Aikaeli hakudanganywa.

Alitoa turubai kwenye lori, akaifunika, akaingiza pembe chini ili upepo usilipeperushe. Kisha akachukua godoro lake pale juu ya nyasi, akalirudisha kibandani.

Wakati huo ndipo Agnela aliponifuata nyuma ya lori la Zahir. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Shemeji, kwa nini umefanya hivi?"

Nikamwangalia.

"Wewe ndiye uliyeniambia."

"Nilikwambia, kisha nikakwambia uache. Mteja alipokuja jana, Aikaeli alinipigia magoti. Mwanaume mzima, mbele ya kaburi la baba yake. Nikakubali. Nikasema, kama shamba limekwenda, basi angalau mashine ibaki ifanye kazi. Jana hiyohiyo mchana nikashuka mpaka sokoni, nikamwambia Evaresta akwambie usikate."

"Ulimwambia Evaresta?"

"Uso kwa uso. Akasema sawa, nitamwambia."

*

Nilishuka kwa miguu. Ni mwendo mrefu kutoka Moivo mpaka Levolosi, lakini siwezi kuwaeleza kuna nini njiani.

Evaresta alikuwa ameshatoka sokoni. Princess alikuwa kwa jirani. Jua lilikuwa bado halijazama, na mlango wa mbele nilikuta umerudishiwa, jambo ambalo si kawaida yetu saa hiyo.

"Agnela alikuja jana sokoni?"

"Alikuja." Hakuuliza nimejuaje.

"Akakwambia nini?"

"Akaniambia nikwambie usikate."

"Na wewe?"

"Sikukwambia." Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. "Ningekwambia usingekata. Na lile dude lingeila na hiyo injini, kisha lingetafuta kitu kingine. Tungekuwa na nini tena cha kulipa? Lile vyote hivi, halafu lisimame tena kwenye shamba la mtu mwingine. Nilitaka life, Baba Princess. Nilitaka life kabisa."

"Aikaeli ameuza shamba. Ana injini tu, hana mashine, hana shamba."

"Shamba najua lilipo."

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

"Liko kwa nani?"

"Kwa Hans."

"Hans gani?"

"Hans kaka yangu. Agnela alipoondoka hapa siku ile, nilimwendea Hans. Nikamwambia, kuna mtu anauza shamba Poli, asipolichukua mtu wetu litachukuliwa na mgeni na lile kaburi litang'olewa. Amelinunua. Jina lililoandikwa ni la karani wake wa dukani."

"Ili amrudishie Aikaeli?"

Nje kulikuwa na watoto wanacheza, mmoja anahesabu akiwa amefumba macho ili wenzake wajifiche.

"Nilimwomba hivyo," akasema.

"Akakuahidi?"

"Nilimwomba. Hakuahidi."

Nililiona lote kwa mara moja, kama linavyoonekana kwa mtu wa nje. Romanus amemkatia mwenzake mashine asubuhi, pale mahali pasipotengenezeka, akijua hayupo. Na shemeji yake Romanus ndiye aliyechukua shamba siku moja kabla. Hakuna mtu wa Poli atakayesimama aulize kama nilijua. Hata mimi, ningesimuliwa habari hiyo kijiweni, nisingeuliza.

"Hans amemwambia mtu?" nikauliza.

"Karani wake ni wa Poli," akasema Evaresta. "Nimekuja kujua leo."

Nilitaka kumkasirikia. Nilitafuta hasira mahali ilipokuwa inakaa, nikakuta pamefagiliwa. Nilimtazama mke wangu, mikono yake mapajani, nikaona amezeeka tangu tulipoanza biashara hii, na nadhani naye alikuwa ananitazama anaona hivyohivyo.

Watoto wa nje wakanyamaza. Mtu alikuwa anakuja kwa hatua nzito za mabuti, hatua ninazozijua tangu shirikani. Zikafika mlangoni, zikasimama.

"Hodi humu ndani," ikasema sauti ya Aikaeli.

Evaresta hakuitikia. Alinitazama, akangoja nimwambie kama afungue.